Nyayo za Kaka Kwenye Shimo la Tisa

Wazee wangu shikamooni, na wenzangu wote habari za asubuhi. Kusema mbele za watu siwezi, ndiyo maana nimeandika. Mnivumilie nikisoma taratibu.

Mimi na kaka yangu tulikuwa makedi, wabeba fimbo za gofu, kwenye ile klabu ya zamani iliyoachwa na wakoloni. Ndugu zangu, gofu ya kwetu si ile ya kwenye televisheni. Kwa ukame huu majani hayashiki, kwa hiyo kuzunguka kila shimo kuna duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari. Upepo hauupeperushi. Ukikanyaga, unyayo unabaki. Wachezaji wakimaliza, kedi anavuta gunia kulizunguka shimo mpaka nyayo zote zifutike.

Jioni moja kaka alifuta shimo la tisa, kisha akarudi peku kuchukua kibendera. Akaniambia, "Hizo zangu utafuta kesho, mdogo wangu. Nimechoka." Njiani kwenda Miyuji, tulikokuwa tunakaa, lori likamgonga. Hakufika hospitali.

Kiwanja kilifungwa kwa ajili ya msiba. Tulipotoka kuzika kijijini kwetu Haneti nikarudi kazini, nikazikuta nyayo zake, vidole vyote vinaonekana. Nikashindwa kufuta. Nikazifunika kwa turubai, nikaweka mawe.

Nawaambia ukweli, tangu hapo nilisikia mtu akitembea peku nyuma yangu. Nikigeuka, hakuna. Kila nikifunua turubai naona kama nyayo zimesogea. Siku moja niliona zimegeuka, zinatazama barabarani. Chakula kikanishinda. Wachezaji wakawa wanaruka shimo lile, na makedi wenzangu wakanitania, "Mlinzi, marehemu ameamkaje leo?" Wao walicheka. Mimi nilikuwa nasikiliza kama atajibu.

Mashindano ya ubingwa yakakaribia. Msimamizi wa kiwanja akaniambia, "Bwana mdogo, Jumamosi turubai litoke, au utoke nalo." Lakini hakunifukuza. Alituma mtu amlete mama.

Mama alifika na hasira.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimetoka Haneti sijanywa hata chai, kumbe nimeitiwa mchanga?"

Akatupa mawe pembeni, akafunua mwenyewe. Kisha akavua kandambili, akaweka mguu wake juu ya unyayo wa kaka.

"Mguu wa mwanangu nimeuosha mimi toka anazaliwa," akasema. "Huo tumeuzika. Huu hapa ni mchanga. Leta gunia."

"Mama, nikifuta ataenda wapi?"

"Yeye ameshaenda. Wewe ndiye umebaki humu. Shika huku."

Tukavuta wote, yeye upande mmoja, mimi mwingine. Nililia kwa sauti mpaka wachezaji wa mbali wakasimama. Jumamosi shimo la tisa lilichezwa, na mimi nilikuwa kazini.

Sitawadanganya, hatua zile bado nazisikia siku nyingine. Ila sasa nakula, nalala.

Namshukuru msimamizi yule. Nawashukuru makedi walionitania, maana ndio hao hao walioniletea uji nyumbani. Na ninyi mliokaa na mama yangu msibani, Mungu awakumbuke.

Ninalowaachia ni dogo. Kama kuna kitu cha marehemu wako umekifunika mahali, usikifunue peke yako. Ita mtu. Hata akija na hasira, mwache afunue.