Zdenka na Mtihani wa Uraia

Basi la Leeds lilikaribia kituo cha mtihani wa uraia. Zdenka, aliyekwisha kufeli mara mbili, alikuwa bado akikariri wafalme wa Uingereza kitabuni. Mzee Clifford, aliyeketi ubavuni pake, akachungulia kitabu.

"Henry wa Nane alioa wake wangapi, binti?"

"Sita, mzee. Wawili aliwakata vichwa. Hukujua?"

"Nijue ya nini? Mimi nimezaliwa hapa!"

Zdenka akacheka. "Kwa hiyo sisi tusiozaliwa hapa tunajisumbua bure?"

"Sasa je! Uingereza haikaririwi."

Dereva akafunga breki ghafla, na buti la mzee likamkanyaga Zdenka kidoleni.

"Samahani, mzee," akasema Zdenka.

Mzee akaangua kicheko. "Umekanyagwa wewe, na radhi unaomba wewe, kama sisi wenyeji! Shuka upesi, Mwingereza wee, utachelewa."

Milango ikafunguka.