Kampuni Niliyosema Ni Nzima

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu, yeye aliyetuamsha wazima katika milima hii yetu! Nawasalimu mapapa na mamama, na ninyi wanafunzi wangu mliokaa kule nyuma mkijiuliza Prof amefuata nini hapa mbele. Nimekuja kutubu. Sitakaa kabla sijamaliza.

Mnanijua. Miaka mingi nafundisha hesabu za biashara hapa Mweso. Hata motari wa pikipiki barabarani ananiita Prof, na kama kuna mizigo mingi anafunga kwanza wa kwangu. Jina hilo lilinilevya, ndugu zangu. Mimi nisiyeonja pombe nililewa jina! Mtu akiniuliza jambo, neno "sijui" lilikuwa halipiti kooni mwangu.

Sasa sikieni. Marehemu kaka yangu aliacha binti mmoja, Solange. Nilimlea mimi, baba yake mdogo, pamoja na watoto wangu. Mtoto mwenye akili, na mwenye heshima kuliko akili. Alipata nafasi ya kusoma mambo ya elektroniki huko Uhindi, akamaliza vizuri, na mara moja kampuni mbili zikamtaka. Zote mbili zinatengeneza chipu, vile vidude vidogo vinavyofanya simu na ordinateri, yaani kompyuta, ziwe na akili. Moja ilikuwa kubwa, inajulikana dunia nzima. Nyingine ndogo, mshindani wake, nayo ilimwahidi cheo kizuri zaidi. Karatasi zake za kuishi katika nchi ile zingefuata kazi: kazi ikifa, na ruhusa ya kukaa inakufa.

Kwa desturi yetu mtoto hachukui njia kama hiyo bila neno la mkubwa wake. Basi Solange alinitumia kwenye simu ripoti za mwaka za kampuni zote mbili, akaniomba nizipime: ipi ina afya, ipi itasimama miaka mingi. Nani tena apime kama si Prof? Jamaa yote ilikuwa imeshajua, na siku ya kikao ikapangwa.

Ndugu zangu, ripoti zile zilikuwa ndefu, tena kwa Kiingereza. Lakini namba hazina lugha. Mali iko upande huu, deni upande ule, ndivyo ninavyowafundisha watoto wenu kila mwaka. Ningeweza kupima. Sikupima! Nilisoma barua ya mkurugenzi wa ile ndogo, nikatazama picha yake anacheka, nikaona mchoro wa mauzo unapanda kama njia ya Masisi. Nilipofika kwenye ukurasa wa madeni nikaona ni mrefu, nikauruka. Nikafunga simu, kwa sababu maneno mazuri ya kusema kikaoni nilikuwa nimeshayapata.

Siku hiyo nyumba ilijaa. Tulikula sombe na maharage, jibini ilikatwa, simu ikawekwa mezani na sauti juu ili Solange asikie kule aliko. Nikasimama. Nikawaambia: tazameni ng'ombe wetu. Yule mkubwa wa kizungu anajaza ndoo, lakini majani yakipungua wiki mbili tu ameanguka. Yule mdogo wa mlimani anakula kidogo, anapanda popote, na kiangazi kinamkuta amesimama. Kwa hiyo kampuni ndogo ndiyo nzima. Mtoto aende huko.

Watu walipiga makofi! Shangazi zake walipiga vigelegele. Ni mtu mmoja tu ambaye hakupiga, naye ni mke wangu, Mama Bahati. Ninyi mnanunua jibini yake, mnajua kwamba hana ng'ombe wengi, na hao alio nao wanachunga katika shamba la mwenye shamba kubwa, kwa kukodi. Aliuliza taratibu, mikono bado ina maziwa:

"Papa Bahati, ile mudogo inakulaka majani ya nani?"

Nilimjibu mbele ya wote kwamba mambo ya chipu si mambo ya jibini. Watu wakacheka. Yeye akainamisha kichwa, akaondoa sahani. Swali lile, ndugu zangu, lilikuwa ndilo swali lote, na mimi mwenye diploma nililifanya kichekesho.

Solange akasaini na ile ndogo. Hata mwaka haukuisha, ikafunga idara nzima ya Solange. Akapewa siku chache atafute kazi nyingine au aondoke katika nchi ile. Ile kubwa aliiandikia tena, lakini nafasi yake ilikuwa imeshapata mtu.

Na mimi nikafanya nini? Hapa ndipo aibu yangu inapoanza kweli. Sikusema, "Nilikosea." Nilisema wakurugenzi ni waongo. Baadaye jamaa wakaanza kunong'ona kwamba kuna mtu amefunga nyota ya mtoto, nami sikuwakataza. Tukatangaza kufunga na kuomba siku tatu. Na nani aliongoza maombi? Mimi! Nilipiga magoti nikamkemea adui asiyejulikana, jasho likinitoka, watu wakijibu amina, na adui mwenyewe ndiye aliyekuwa anaongoza maombi. Siku ya tatu, tulipofungua, shangazi mmoja, dada yangu mwenyewe, hakuitwa kula pamoja nasi, kwa sababu wengine walianza kumtazama kwa jicho baya. Niliona. Nikanyamaza.

Bwana hakuniacha hapo. Wiki ile ile nilikuwa na somo la kupima afya ya biashara, darasa la sita la sekondari. Moyoni bado nilitaka kujitetea. Nikachukua namba za kampuni zile mbili, bila kutaja majina, nikaziandika ubaoni, nikidhani watoto wataona kwamba namba zilikuwa nzuri na mkurugenzi ndiye aliyetudanganya. Nikawaambia: wekeni upande mmoja mali inayoweza kuwa pesa mwaka huu, upande mwingine madeni yanayopaswa kulipwa mwaka huu, kisha mniambie ipi ni mgonjwa.

Hawakumaliza hata saa moja. Darasa zima, mpaka wale wanaosinzia! Ile kubwa ilikuwa na akiba ya kulipa madeni yake na kubaki, na kazi ya kutafuta chipu mpya iliigharimia kwa faida yake yenyewe. Ile ndogo ilikuwa inakopa ili ilipe mikopo ya jana. Tena msichana mmoja akaniuliza mashine za kiwanda cha ile ndogo ziko wapi, maana kwenye orodha nzima ya mali hazimo. Nikatafuta kwenye ripoti. Hazikuwepo. Kampuni ile ilikuwa inachora tu ramani za chipu. Chipu zake zilitengenezwa katika kiwanda cha wengine, kwa kukodi, na ile kubwa ikijaza kiwanda kwa kazi zake, ndogo inangoja nje ya mlango. Basi ndivyo ilivyokuwa: mchungaji asiye na majani yake. Mke wangu alikuwa ameiona bila kufungua ripoti.

Niliwapa watoto ruhusa ya kutoka, nikabaki peke yangu na ule ubao, nikalia. Nikamwambia Bwana, nimechoka kuwa Prof, niokoe na mdomo wangu. Na aliniokoa, ndugu zangu! Amani niliyoipata siwezi kuieleza, lakini ilikuja na amri: mpigie mtoto simu leo.

Nikampigia. Nilimwambia yote: kwamba sikusoma, kwamba niliruka ukurasa, kwamba nilimfanya mke wangu kichekesho na kumwacha dada yangu ashukiwe bure. Solange alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole:

"Papa mudogo, nilikuwa najua. Ile page ya madeni nilisoma kabla ya kusaini. Lakini ulikuwa umeshasema mbele ya jamaa yote. Ningekatala namna gani?"

Nilimwomba msamaha palepale, kwenye simu.

Nimekwisha kuita kikao kingine, nikakiri. Nilimwomba dada yangu msamaha nikiwa nimepiga magoti, na Mama Bahati vilevile, naye aliniinua akaniambia ugali unapoa. Solange bado anatafuta kazi, mniombee juu yake. Juzi kampuni nyingine imemwandikia, akanitumia karatasi, maana heshima yake haijaisha. Nikamjibu neno ambalo sikuwahi kulisema mbele ya mtu: sijui, soma wewe, kisha sisi tutasikiliza.

Namshukuru Mungu aliyenivunja kabla sijazeeka katika uongo. Na wewe uliyesema neno mbele ya watu, ukajua moyoni kwamba si kweli, usiogope. Mtumaini Yesu leo, lirudishe neno lako. Atakupokea. Aibu ya kulirudisha ni kali lakini haiui. Ile unayoificha ndiyo inayoua wengine.

Tangu utoto nimefundishwa kwamba kuna mmoja aliyebeba aibu yangu bila kosa, nami nilimwimbia kila Jumapili. Kwamba kulikuwa na wa pili, niliyemlea kwa mikono yangu, hilo nililijua siku ile kwenye simu. Amina.