Sostenes Mwashi na Ekseli ya Kurui

Ndugu waombolezaji, mimi Asteria, mdogo wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu Sostenes Elinipa Mwashi, fundi wa matela wa hapa Kwa Mathias, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Same, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akajifunza kuchomelea, kisha mwaka 1984 akaingia Kibaha na begi moja na maneno mengi.

Tarehe 6 Julai 1991 alifunga ndoa na wifi yetu Modesta, wakajaliwa watoto watatu, mkubwa akiwa Gideon, aliyerithi karakana na, namshukuru Mungu, hakurithi ubishi.

Lipo jambo ambalo baadhi yetu walitaka niliruke, lakini marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe. Mwaka 2019 Mzee Mwinyimadi wa Kurui, Kisarawe, alitaka tela lake litanuliwe na liwekewe magurudumu makubwa, na kaka, kwa haraka ya msimu wa korosho, aliikata katikati ekseli ya zamani, kile chuma kinachoshika magurudumu, akaiunga kwa kuchomelea, akapaka rangi ikapendeza, na tela likaendelea kubeba magunia na watu.

Alipougua saratani ya koo, Juni 2024, hakuzungumzia kifo, alizungumzia ile ekseli, nasi tukaogopa kwamba kiungo kitakatika na kuua watu yeye akiwa kitandani. Gideon alipofika Kurui, ametumwa na baba yake alikague tela, mzee alimjibu kwa upole kuwa tela halijamsumbua hata siku moja na korosho hazisubiri, lakini walipolipiga jeki walikuta ufa umezunguka nusu ya kiungo, mzee akakaa chini, akasema kwa sauti ndogo kwamba jana tu wajukuu wake walilipanda. Gideon aliweka ekseli nzima inayouweza mzigo ule, magurudumu ya kipimo kimoja, akapima kila upande hadi kwenye ndoano ya kuvutia mpaka vipimo vikalingana, akalijaribu na mzigo, akakaza nati upya.

Tarehe 3 Oktoba kaka aliletewa ekseli mbovu kitandani, akapitisha kidole kwenye ufa, akalia, akacheka, akaomba uji na kumaliza kikombe, nasi sote tukashusha pumzi. Alifariki tarehe 9 Oktoba, saa nne asubuhi, akiwa usingizini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wenzake, na Mzee Mwinyimadi, aliyefika leo kutoka Kurui pamoja na wajukuu wake, wale waliokaa pale mbele.

Pumzika sasa kwa amani, kaka, watoto wapo.