Jagi Kabla ya Ugali: Miaka Ishirini na Minne ya Mama Nelima

Bi. Rosebella Nelima anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka ishirini na minne ya kuhudumia wazee nyumbani kwao, kumi ya kwanza Kawangware na iliyobaki hapa Kibera. Kamati ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake ikanipa mimi, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Shule sikumaliza; waliomaliza wanywe chai tu leo.

Mama Nelima alianza kwa kufulia watu nguo Kawangware. Mwaka wa 2001 kikundi chetu cha wahudumu kilimchukua, kikamfundisha wiki tatu, kikampa glavu na begi. Tangu hapo ameogesha wazee, amewakata kucha na kuwabadilishia shuka, wengi kuliko walioandikwa kwenye daftari letu. Ni yeye aliyeleta sheria ya mabeseni mawili: la buluu la mwili, jekundu la nguo zilizochafuka. Ole wako akukute umeyachanganya. Anakuangalia tu, na utaenda kununua sabuni mwenyewe.

Lakini kipaji chake hasa ni wazee waliosahau. Mzee kama huyo ukimwambia aoge anakwambia ameoga asubuhi, na anaamini. Kubishana naye ni kupoteza maji, na Lindi, mtaa wetu hapa Kibera, maji yanabebwa kwa jerikeni.

Huko Lindi yuko Mzee Oyoo, seremala wa zamani, anayeishi na binti yake Celine. Mwaka jana alikuwa na kidonda mguuni. Shida kubwa ilikuwa mikono: anatoka chooni, hanawi, anafungua bandeji aone ni nini kinamwasha. Celine alimbembeleza, sisi tukamtisha, wapi! Mama Nelima alingoja saa ya chakula, akaja na jagi, beseni, na taulo begani, akapiga goti kidogo, kama anavyonawishwa mgeni wa heshima. Mzee akanyoosha mikono mwenyewe. Sabuni, katikati ya vidole, chini ya kucha, yote. Kisha ugali ukaja, na mikono ikiwa imeshikwa na ugali, Mama akavaa glavu akabadilisha bandeji bila vita. Kila siku hivyo, na kidonda kikaanza kukauka.

Mwezi wa nane akaenda likizo Bungoma. Zamu yake ikachukuliwa na Nicanor, msimamizi wetu, mwenye vyeti viwili ukutani. Nicanor alifika saa nne asubuhi, akamnawisha mzee sekunde ishirini kwa saa ya mkono, safi kabisa, kisha akaweka jagi kando akainamia bandeji. Mzee akangoja. Akaangalia mlango.

"Chakula kiko wapi?"

Nicanor akamwambia chakula ni saa saba.

"Kijana, unaninawisha halafu unaninyima? Kwenu ulifunzwa na nani?"

Kijana mwenyewe ana miaka hamsini na tatu.

Kuanzia hapo mzee, ambaye jina la binti yake humpotea, hakusahau jagi. Likionekana tu, mikono inaingia kwapani. Siku sita. Ya saba homa ikapanda, kidonda kikatoa usaha, na daktari wa kliniki akamwambia Celine wazi kwamba mambo yakiendelea hivyo mguu unaweza kukatwa. Ningekuwa zamuni mimi, yasingetokea. Sawa, yangetokea, lakini bila saa ya mkono.

Mama Nelima akakatiza likizo. Dawa zilikuwa zimeanza, lakini dawa gani itaponya kidonda kinachochokorwa na mikono michafu? Hakuingia na jagi. Aliingia na sahani ya ugali na omena, akaiweka mahali mzee anaiona na kuinusa, akaketi kando. Mzee akatazama sahani, akatazama mikono yake.

"Na maji je?"

Ndipo jagi likaletwa.

Kidonda kilifunga baada ya wiki nane. Mguu upo, na mzee anautumia kutorokea mtaa wa Olympic kila Celine akigeuka. Ofisini pana karatasi ukutani: usimnawishe mzee kama chakula hakiko tayari. Ameiandika Nicanor, kwa herufi mbaya sana.

Jumanne iliyopita Mama alienda kumuaga. Alimweleza mara tatu kwamba anastaafu, na mara tatu mzee akampongeza upya. Chakula kilipoiva, mzee akamwahi kwenye jagi. "Kaa chini, mama. Leo mgeni ni wewe." Akammiminia, nusu ya maji ikaishia kwenye viatu. Mama Nelima, ambaye miaka yote hiyo hajawahi kuonja chakula cha nyumba anayohudumia, akanawa, akala, akamaliza sahani.

Asante, Mama, kwa wazee wetu, na kwa kucha zetu ulizokuwa ukikagua kila Jumatatu kama za watoto. Rudi Bungoma salama, upumzike, na maisha yakuendee vyema.

Austine, kwa niaba ya wahudumu wa Kibera na Kawangware