Bwana Ambrose Tressingham, Aliyebaki Amekaa

Wapendwa mliokuja kumsindikiza, mimi ni Dorkas Pennock, niliyemnyonyesha marehemu, kusoma sijui, kwa hiyo msitafute karatasi mkononi mwangu, mjane wake Bibi Lavinia ndiye aliyeniambia, "Mama Dorkas, sema wewe, ndugu zake wakisimama watajisifu wenyewe," basi nasema.

Marehemu Bwana Ambrose alizaliwa tarehe 14 Februari 1771, hapa hapa jumba la Tressingham, mtoto wa kwanza wa hayati Bwana Marmaduke, mwenye ardhi yote mnayoiona mkipanda mnara wa kanisa hili, na ile msiyoiona pia, babu yake alikuwa waziri, ami yake jemadari wa jeshi la majini, na kila mtu kwenye ukoo ule alizaliwa akitoa amri. Isipokuwa huyu. Huyu alizaliwa analala, ukimnyonyesha analala, na akilala anakoroma mpaka mbwa wa kuwindia wanamjibu kutoka bandani.

Mwaka 1780 alipelekwa shule ya bweni, akachapwa kwa ajili ya Kilatini miaka minane, Kilatini alirudi nacho kidogo, makovu alirudi nayo yote.

Mwaka 1794 baba yake akampa kiti cha Bunge, kama wewe unavyompa mwanao viatu ulivyochoka kuvaa, maana siku ya uchaguzi wapiga kura wetu walipanda jukwaani mmoja mmoja wakataja jina kwa sauti, na msimamizi wa mashamba ya Bwana Marmaduke yupo pale anawatazama midomo, sasa nani angetaja jina jingine? Wakala nyama, wakanywa bia, wakambeba mshindi mabegani juu ya kiti chenye maua, kufika darajani anakoroma, nikawasikia wabebaji wanaambiana, "Taratibu jamani, mtamwamsha mheshimiwa."

Tarehe 3 Juni 1797 alimwoa Bibi Lavinia, wakaishi kwa upendo, yeye chumba cha mashariki na mkewe chumba cha magharibi, na Mungu akawapa binti mmoja, Harriet, yule pale, macho ya mama, pua ya baba, na habari za usiku za pua hiyo namwachia mumewe.

Mwaka 1801 Bwana Marmaduke alipeleka muswada Bungeni, malisho ya Thistlemoor yazungushiwe ua yawe yake peke yake. Yale ni malisho yetu sote, ng'ombe wangu yuko pale, bata bukini wangu wako pale, kuni za kila maskini wa hapa zinatoka pale. Nikamfuata Ambrose getini, nikamwambia, "Mwanangu, baba yako anataka kutuua." Akasema, "Mama Dorkas, mimi Bungeni nakwenda kulala tu." Nikamwambia, "Basi kalale, Mungu akubariki."

Sasa kule Bungeni, wanaotaka jambo jipya hutoka nje, wasiolitaka hubaki wamekaa, ndivyo wanavyohesabiwa. Wenzake wakainuka, mdogo wake Bwana Crispin, naye mbunge, akamvuta mkono, "Amka wewe, baba anataka kura!" Macho yamefumba. Mlango ukafungwa, akahesabiwa na waliokaa, muswada ukaanguka kwa kura moja.

Baba yake alimwita gogo mbele ya wageni, supu ikapoa mezani, na tangu hapo watu wakamwita Mheshimiwa Usingizi. Siku moja amekaa jikoni kwangu anakula keki nikamwuliza, "Ambrose, kweli ulilala?" Akaniuliza, "Kwani Crispin alisema nilikoroma?" Nikasema, "Hapana, hakusema." Akakata kipande kingine cha keki.

Bwana Crispin, usikohoe, wewe ndiye uliyekaa naye.

Mwaka 1809 Bwana Marmaduke alifariki, Ambrose akarithi ardhi, na Thistlemoor hakuigusa. Mwezi uliopita kifua kikambana, madaktari watatu wakamtoa damu kwa zamu, na alfajiri ya tarehe 9 Novemba 1828 nilikuwa kando yake, nikajua amekwenda kwa sababu nyumba ilikuwa kimya.

Tunawashukuru madaktari, walifanya yote waliyoyajua, ingawa angekuwepo angeomba wajue machache, tunawashukuru wabunge wenzake kwa kumwacha alale, na majirani mliomchimbia kaburi kwenye barafu.

Bado moja. Mrithi ni Bwana Crispin, maana ardhi ya ukoo huu haiendi kwa binti, na Jumanne tumeona watu wanapima Thistlemoor kwa minyororo. Basi na tufanye kama wanavyofanya Bungeni. Anayetaka ua Thistlemoor atoke nje sasa hivi, asiyetaka abaki amekaa.

Bwana Crispin, naona hujainuka. Nasikia unanong'ona, "Mguu wangu unauma, bibi, ni jongo!" Pole sana, mwanangu, hata kaka yako walisema ni usingizi. Mchungaji, funga mlango, tuhesabu.

Nawe Ambrose, umeshinda tena umelala, pumzika kwa amani, na ukitaka kukoroma, koroma.