Walifunga kwa Ajili Yangu Nikiwa Vitani Angani

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, nanyi mliotoka Makongeni kuja kuketi nasi hapa Mbotela alasiri hii. Nimeombwa nieleze kwa ufupi. Wanaonijua wanajua kwamba ufupi hunishinda, lakini leo furaha niliyo nayo hainipi nafasi ya kuzungukazunguka, kwa hiyo nitaanza na ungamo. Kwa wiki sita akina mama wa ushirika huu walikaa na njaa kwa ajili yangu, na muda huo wote mimi nilikuwa nikiendesha chombo cha vita angani, katika gemu, kwenye tarakilishi.

Niruhusuni niyaeleze kwa mpangilio wake.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika uhandisi wa maji. Tasnifu yangu inahusu maji yanayopotea kwenye mabomba ya mitaa ya zamani kama huu wetu. Sura tatu za kwanza zilipita vizuri. Ya nne, iliyobeba uchanganuzi wenyewe, ilirudi kutoka kwa msimamizi wangu ikiwa na sentensi moja ya wino mwekundu: "Hesabu hizi hazithibitishi unachodai, andika upya." Mtu mwingine angeandika upya. Mimi niliichunguza sentensi ile kwa siku nne. Je, alimaanisha hesabu zote au baadhi? Je, alikuwa anajuta kunikubali? Siku ya tano niliiweka sura hiyo chini ya godoro, na kila nilipotaka kuitoa niliishia kutandika kitanda upya. Chuo nacho kilikuwa kimeniandikia kwamba nisipowasilisha tasnifu kabla ya muhula kwisha, usajili wangu utafutwa, na kazi ya miaka mitatu itakwenda nao.

Ndipo nilipokutana na gemu ile. Sitawadanganya, ndugu zangu: ilikuwa tamu. Angani hakuna juu wala chini. Chombo hakina breki. Ukizima injini kinaendelea kuteleza kule kule kilikokuwa kikienda, na ukiwa na ustadi unakigeuza kikatazama nyuma, ukampiga anayekufukuza huku ungali unasonga mbele. Nguvu ya chombo ni moja, nawe unaigawa kati ya ngao, injini na silaha. Ukiongeza huku umepunguza kule, na uamuzi huo unaufanya wakati mawe makubwa kama magorofa yanakupita ubavuni. Nilijifunza kwa vidole mpaka vikaota sugu. Hata sasa ninaposimulia, moyo unanienda mbio.

Hatua ya tisa ndiyo iliyoninasa. Unasindikiza meli ya wagonjwa, nzito, isiyo na silaha, ipite salama katikati ya mawe. Maadui huja kwa mawimbi matatu. Wimbi la kwanza nililimaliza siku ya pili. La pili lilinichukua wiki tatu. La tatu liliichoma ile meli kila mara, nami kila mara nilirudi mwanzo. Nilikuwa na daftari. Humo niliandika kila jaribio: nilishindwa wapi, kwa sababu gani, na safari ijayo nibadilishe nini.

Sasa, mnaujua utaratibu wetu wa mkutano wa Jumatano, kwamba kila mtu hutaja hitaji lake la maombi. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Niombeeni, sura ya nne imenibana." Sikusema kwamba sijaigusa kwa miezi mitatu. Akina mama walitazamana, kisha Mama Njeri, auzaye nguo za watoto katika soko la Gikomba, akasema watanifungia kwa zamu, kila mmoja siku yake, toka alfajiri hadi jua kutua, mpaka siku nitakayowasilisha. Nilitaka kukataa. Nikafikiri kukataa maombi kutaonekanaje. Nikafikiri tena. Nilipomaliza kufikiri walikuwa wamekwisha kugawana siku.

Mama Njeri alichukua Jumanne, siku yake ya kufungua robota la mitumba, siku ya kuinama na kuinuka tangu asubuhi. Jumatano baada ya Jumatano niliulizwa, "Inaendaje, Profesa?" Nami nilijibu, "Inaendelea." Kisha nilirudi nyumbani, nikavaa hedifoni, nikapaa.

Jumanne ya sita ilikuwa yapata saa tisa mchana. Nilikuwa katika wimbi la tatu, na kwa mara ya kwanza meli ilikuwa bado nzima. Adui mmoja alinikaa mgongoni na kila nilipogeuka aligeuka nami. Nikapaza sauti: "Toka nyuma yangu! Niachie! Leo hunishindi!" Sikujua kwamba Mama Njeri alikuwa mlangoni. Alikuwa amepata kizunguzungu sokoni, akafunga kibanda mapema, na akiwa njiani kwenda kwake akaona apite kunitia moyo. Aliposikia sauti yangu alidhani ninamkemea Shetani. Akaweka mfuko chini, akainua mikono, akaungana nami hapo nje: "Toka, kwa jina la Yesu! Mwachie kijana wetu!" Majirani wanasema alikemea kwa dakika nzima. Kisha akausukuma mlango, akaniona.

Nilihisi mtu nyuma yangu nikavua hedifoni. Meli ililipuka. Mama Njeri alikaa kitandani polepole, midomo imemkauka, akakitazama kioo cha tarakilishi.

"Hii ndiyo tasnifu?"

"Hapana, mama. Ni gemu."

"Na ile meli iliyoungua ni ya nani?"

"Ni ya wagonjwa. Natakiwa kuifikisha salama."

"Wagonjwa wote wamekufa?"

"Wote."

"Ngai, Mungu wangu." Akajipangusa uso kwa leso. "Umejaribu mara ngapi?"

Nilijua bila kufungua daftari. "Mia nne na kumi na mbili."

"Na hiyo sura ya nne, umeiandika mara ngapi?"

Ndugu zangu, nimewahi kuulizwa maswali na maprofesa. Hakuna lililonikata kama hilo. Nilisema, "Mara moja."

Nilingoja anikemee. Nilistahili. Badala yake alicheka, kicheko kidogo cha mtu asiye na nguvu, akasema, "Na mimi nilifikiri wewe ni mvivu! Mvivu hafi mara mia nne na bado arudi. Wewe, Profesa, unaogopa mtu mmoja na kalamu yake. Kwa gemu ukikufa hakuna anayekuona. Si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Leo mimi nitakuona. Toa hiyo karatasi."

Niliitoa chini ya godoro. Alifungua mfuko wake, akatoa vinguo vya watoto vilivyokosa vifungo, akatunga uzi kwenye sindano, akaanza kushona. Nilimsihi kwanza anywe chai. Alikataa, akasema jua halijatua. Basi niliandika ukurasa mmoja. Nilipousoma, hesabu zilijipinga zenyewe katika mstari wa tatu. Nikaweka kalamu chini.

"Imekufa?" aliniuliza bila kuinua macho.

"Imekufa."

"Wapi?"

"Nimedhani presha ya maji ni ile ile mchana kutwa. Si kweli. Kila mtu hapa anajua asubuhi mabomba hukohoa hewa tupu."

"Basi si umejua? Rudi tena."

Nilirudi. Nilikufa mara saba kabla ya jua kutua, na mara ya nane hesabu zilisimama imara. Sikusikia ngurumo wala sikuona nuru. Niliona tu kwamba nilitaka kuendelea kwa hamu ile ile iliyokuwa ikinipandisha angani. Nilipika chai, nikakata mkate, na Mama Njeri akafungua mfungo wake mezani pangu. Sijawahi kuona mtu akila kwa utulivu kiasi kile, na sijawahi kuona aibu iliyonifaa kiasi kile.

Kesho yake, Jumatano, niliungama mbele ya ushirika. Mzee Wekesa, kiongozi wetu, aliyestaafu kazi ya reli, alivua miwani akasema, "Kwa hivyo wiki sita tumekuwa tukifungia ndege ya gemu?" Dada mmoja akaangua kicheko, wote wakafuata, nami nikalia. Nilipendekeza mfungo ukome, kwa kuwa ulijengwa juu ya uongo wangu. Akina mama walikataa. Walisema Mungu alijua walichoomba hata kama mimi sikujua. Ila Alhamisi haikuwa na mtu, wakanipa mimi.

Sura ya nne ilirudi kwa msimamizi. Safari hii aliirudisha na kurasa nne nzima za wino mwekundu. Nilizisoma zote nikiwa nimesimama ngazini pale chuoni, mpaka neno la mwisho, kisha nikaenda nyumbani kuzifanyia kazi. Sikuificha popote. Nilirekebisha, ikarudi, nikarekebisha. Siku tatu kabla ya muhula kwisha niliiwasilisha tasnifu yote. Na jana, ndugu zangu, nilikaa mbele ya jopo la watahini, nikaulizwa swali nisilolijua, nikasema, "Hilo silijui bado," na kiti hakikunimeza. Wameipitisha, kwa sharti la masahihisho kumi na moja. Kumi na moja! Nilitoka humo nikicheka kama mwendawazimu.

Sisemi gemu ni pepo. Ilinifundisha kushindwa na kurudi, jambo ambalo hakuna darasa lililonifundisha. Woga ndio ulionifunga, na Bwana akanifungua kwa mkono wa mama mwenye njaa, aliyekubali kukaa pale nikikosea.

Kwa hiyo nakualika wewe uliyerudishiwa kazi ukaificha, wewe uliyeanza ufundi ukaacha baada ya kukosolewa, wewe uliyeomba msamaha mara moja ukakataliwa. Mtumaini Bwana, na usimtumaini ukiwa peke yako. Njoo Jumatano kwa Mzee Wekesa, ulete kitu hicho jinsi kilivyo. Utapata mtu wa kukaa nawe.

Nanyi mama zangu wa Jumatatu hadi Jumapili, ukiacha Alhamisi yangu, kazi mliyoifungia imewasilishwa. Chapati ziko tayari na mchuzi umeiva. Leo mimi ndiye ninayepakua. Ketini mle.