Misuli Iliyokuwa Likizo

Mshonaji alikuwa anapiga pindo la sketi kwenye treni, lakini sindano ilisimama pale mashemeji wawili wa kiti cha mbele walipoanza kuzungumza.

"Shemeji, kazi ya ghala inaniponyoka," alisema yule mnene. "Daktari wao anayepima waajiriwa kaona vimeng'enya vya misuli vimefurika kwenye damu yangu. Anashuku ugonjwa. Leo ndio naenda kumsikiliza."

"Ulimwambia kwamba siku moja kabla ya kupimwa ulipanda ngazi za ghorofa mpaka magoti yakalia, ili uonekane mkakamavu?"

"Si tulipanda wote? Tena wewe na saruji begani. Mbona damu yako shwari?"

Mwenzake, mpagazi wa mizigo, akacheka. "Yangu imezoea. Misuli yako iko likizo tangu uoe dada yangu. Ukiishtua, inachanika kidogo na kumwaga vimeng'enya vyake damuni. Pumzika wiki, upimwe tena."

"Umekuwa daktari?"

"Nesi ndiye kaniambia."

"Basi na aniajiri huyo nesi."

Mshonaji alikuwa upande wa nesi, ila hakuna aliyemuuliza.

Treni ikasimama. Mnene akashuka kinyumenyume, kashikilia vyuma kwa mikono miwili, mapaja yamemgomea.

"Ukifika kwa daktari," mpagazi akamwambia, "tafuta ngazi, ushuke hivyo hivyo akuone."